Nikate waya wa simu ya mezani?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba 12 hapa Kirumba, Mwanza, na ghala la dagaa pale soko la Mwaloni. Simu ya mezani aliiweka marehemu mume wangu. Namba yake ya 028 ipo kwenye bango, kwenye risiti, hata kwenye magunia, na wateja wangu wa Lubumbashi na Bukavu wanaijua hiyo tu. Siku hizi inakwaruza, na mvua ikinyesha inakufa siku mbili tatu. Kijana wangu aliyemaliza chuo anataka tuikate tuweke simu ya intaneti. Ameona kampuni ya nje inayotoa namba ya London kwa bei ya chini. Mimi naogopa. Umeme wetu unaujua, na usiku wageni wanaimaliza intaneti yote kwa kuangalia mpira. Namba itabaki? Kuna faksi pia, ingawa imefunikwa kitambaa. Nifanyeje?
– Mama wa Kirumba

JIBU: Shikamoo mama. Kwa kifupi: hama. Ila waya wa zamani usiukate mpaka simu mpya ishinde mtihani nitakaokupa mwishoni, na hiyo namba ya London kijana aiache hukohuko London. Kwa kirefu ni hivi.

Nianze na mkwaruzo, maana watu wengi wa upande huo wanaulalamikia na kila mmoja anadhani simu yake ndiyo yenye mkosi. Ujanani nimepanda nguzo za simu katika mji huu kuanzia Igoma hadi Pasiansi, na visanduku vya ukutani nimefungua mpaka nikachoka. Kisanduku kinachotazama ziwa ukikifungua, kwanza unamwagikiwa na wale wadudu wadogo wanaotoka majini kama wingu la moshi. Wamefia humo miaka na miaka, wameshikamana kama majani ya chai yaliyokwisha chujwa. Chini yao utakuta mayai ya mjusi. Na chini kabisa kuna skrubu mbili zilizotakiwa kung'aa, sasa zimeota kutu ya kijani. Kijani hicho ndicho kinachokwaruza. Mvua ikija, uchafu ule unalowa na kuziunganisha nyaya mbili zisizotakiwa kugusana. Umeme unavuja kutoka waya mmoja kwenda wa pili, na mtambo wa kampuni ya simu ukiona hivyo unadhani umenyanyua mkonga. Ndiyo maana mteja akikupigia siku ya mvua anaambiwa simu inatumika, kumbe wewe umekaa unamsubiri yeye.

Fundi akija atasafisha kisanduku, simu itapona hadi masika yajayo. Lakini kati ya kwako na mtambo kuna maungio mengine chungu nzima, juu ya nguzo na chini ya ardhi, na kila ungio lina kijani chake. Kwa hiyo kijana hajakosea kwamba shaba imezeeka. Huko Uingereza wenyewe wanazifunga simu za shaba. Walipanga kumaliza Desemba 2025, wakasogeza hadi Januari 2027. Kilichowasogeza ni jambo lilelile unaloliogopa wewe: wazee wenye vifaa vya kuita msaada vilivyofungwa kwenye simu ya mezani, ambavyo baada ya kuhamishiwa intaneti vingine viligoma kufanya kazi.

Na hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Simu ya mezani ilikuwa na mtu mzima anayeilea, na hukumwona kwa sababu alikaa mjini kwenye jengo la mtambo. Kule kuna betri kubwa kama makabati, zinazosukuma volti 48 kwenye waya wako usiku na mchana, na jenereta nyuma yake. Simu yako haikuhitaji soketi. Umeme wa mtaa mzima ukikatika, yenyewe inaita, na ikiita volti zinapanda hadi kupita 70. Najua vizuri, kwa sababu siku moja niko juu ya nguzo nimeshika nyaya mbili za mteja, mtu akampigia. Nusura nishuke bila ngazi. Mtu mzima huyo alikupa pia waya wako peke yako usiogombaniwa na mtu, na aliweka mlango mmoja tu wa kuingilia, anaoulinda yeye.

Ukihamia intaneti, kazi hizo tatu zinahamia kwako: umeme, njia na ulinzi. Watu wengi wanaosema simu za intaneti ni mbovu walinunua kifaa wakasahau kazi. Nitazichukua moja moja, ila njia itachukua nafasi kubwa, kwa sababu ndiyo inayowashinda wengi.

Unapozungumza kwenye simu ya intaneti, sauti yako inapimwa mara 8,000 kila sekunde na kugeuzwa kuwa tarakimu. Kisha tarakimu hizo zinakatwa vipande vya milisekunde 20, yaani vipande 50 kwa sekunde, na kila kipande kinafungwa kama kifurushi chenye anwani na kutumwa. Upande wa pili unavifungua kwa mpangilio na kuvirudisha kuwa sauti. Kwa ubora uleule wa simu ya mezani, hesabu yake ni kilobiti 64 kwa sekunde, na ukiongeza anwani inafika 80 kwenda na 80 kurudi. Dakika moja inakula megabaiti 1.2, saa nzima ya kupiga soga na Lubumbashi, kama megabaiti 72. Zipo namna za kuibana sauti zaidi hadi saa nzima ikala chini ya megabaiti 25. Kwa hiyo bando si tatizo kabisa, na mtu akikuuzia kifurushi kikubwa cha intaneti kwa hoja kwamba “simu zinakula sana”, mshukuru umwache aende zake. Mgeni mmoja anayeangalia mpira kwa picha safi anatumia kilobiti 3,000 na zaidi kwa sekunde. Huyo peke yake ni zaidi ya simu 35.

Tatizo ni foleni. Unakumbuka Kigongo na Busisi kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025? Kivuko kilikuwa na nafasi ya kutosha, lakini ukifika umekuta malori 30 mbele yako, nafasi hiyo inakusaidia nini? Gari la wagonjwa ndilo lililopitishwa mbele. Kifurushi cha sauti ni gari la wagonjwa: kidogo, ila hakiwezi kusubiri. Video ikichelewa sekunde mbili mtu hajui, kwa sababu kifaa chake kilishajiwekea akiba. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 upande mmoja, mnaanza kukatizana. Wewe “haloo”, yeye “haloo”, mnanyamaza wote wawili, mnaanza tena wote wawili. Ikifika 400 hakuna biashara hapo, bei ya gunia mtaielewa kila mtu kivyake.

Na foleni mbaya kuliko zote si ya kushuka (vinavyokuja kwako), ni ya kupanda (vinavyotoka kwako). Sauti yako wewe inapanda. Wageni wakiangalia mpira wanajaza njia ya kushuka, hiyo mara nyingi ni pana. Lakini mgeni mmoja anayerusha video za harusi, au simu yake inayopeleka picha zake zote kwenye hifadhi ya mtandaoni saa ileile anapounganisha waifai yako, anaziba njia ya kupanda, ambayo kwa vifurushi vingi ni nyembamba. Hapo wewe unamsikia mteja vizuri, yeye anakusikia kama mtu anayezungumza huku anazama.

Dawa yake ipo ndani ya ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, na haina gharama zaidi ya nusu siku ya fundi. Kwanza, waifai ya wageni itenganishwe na ya ofisi. Jina lake, paswedi yake, na isiweze kugusa vifaa vyako. Pili, kila mgeni awekewe kiwango asichoweza kukivuka, kupanda na kushuka. Tatu, simu zipewe kipaumbele, yaani gari la wagonjwa lipite. Ruta za bure zinazokuja na huduma mara nyingi haziwezi hata moja ya hizo sawasawa, kwa hiyo kama kuna mahali pa kutoa hela, toa hapo. Simu zenyewe nunua za kawaida tu.

Kuna kitu kimoja kidogo ndani ya ruta ambacho kimenikosesha usingizi siku mbili kwa mteja mmoja wa Nyegezi. Simu ziliita, watu wakapokea, lakini upande mmoja kimya kama kaburi. Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha adapta (kisanduku cha kuunganisha simu ya kawaida na intaneti), nikaanza kuilaumu kampuni. Kumbe ruta ilikuwa na mpangilio uitwao SIP ALG. SIP ndiyo lugha ambayo simu hizi zinatumia kuitana, na ruta hiyo ilijifanya mkalimani: inafungua barua za simu, inabadilisha anwani ndani yake kwa nia njema, sauti inapelekwa kusikokuwepo mtu. Nilipozima mpangilio huo, simu zikasikika dakika ileile. Sasa kila ninapofunga, hicho ndicho cha kwanza ninachozima. Mwambie fundi wako, hata kama atakukunjia uso.

Kuhusu intaneti yenyewe: kama faiba imefika mtaani kwako, chukua faiba. Si kwa mwendo tu. Ndani ya faiba kuna kioo, na kioo hakioti kutu ya kijani, hakina thamani kwa wanaouza vyuma chakavu, wala hakileti radi ndani kama shaba, na ziwa letu kwa radi halina utani. Angalia tu kwamba baadhi ya nyaya za faiba zinazoning'inia nguzoni zina uzi wa chuma wa kuzibeba. Uzi huo usiingie ndani ya nyumba, ukatwe kwenye ndoano ya nje. Nimeona mafundi wakiuingiza hadi sebuleni kwa sababu “unashika vizuri”. Unashika na radi vizuri.

Ikiwa faiba haijafika, kuna ruta za laini ya 4G au antena ya paa kwa paa. Hapo Mwanza ina shida yake, ambayo mji wa tambarare hauna: mawe. Jiwe la ukubwa wa nyumba likikaa kati yako na mnara, antena inaona jiwe. Nimeshapima nyumba mbili zilizopakana, moja inapata mawimbi safi, nyingine iko nyuma ya jabali haipati kitu. Kwa hiyo usikubali kupimiwa mchana saa nne mlangoni. Wapime pale pale ruta itakapokaa, saa tatu usiku, wageni wakiwa wamejaa. Kijana wako aliyetoka chuo anajua ping, kile kipimo cha kutuma ujumbe mdogo na kuhesabu muda wa jibu kurudi. Apige ping 100 kwenda kwenye sava ya kampuni ya simu wakati mwenzake anarusha video kubwa. Majibu yakibaki chini ya milisekunde 100, hayarukiruki, na hayapotei zaidi ya moja, njia inafaa. Yakianza 40, mara 380, mara 90, mara kimya, hapo hata uweke simu ya bei gani utalia.

Sasa umeme. Kisanduku cha faiba, ruta na adapta ya simu kwa pamoja havizidi wati 25 hivi, chini ya taa ya zamani ya kioo. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ile inayokaa ndani ya UPS za kompyuta (visanduku vya akiba ya umeme), ina wati-saa 84, na betri ya asidi ukiithamini usiinywe zaidi ya nusu. Inabaki 42, gawanya kwa 25, hujafikisha saa mbili. Betri ya ampea-saa 100, ya aina wanayofunga na sola, kwa hesabu hiyohiyo inakupa saa 24. Kwa nyumba ya wageni mimi ningechukua hiyo kubwa, na ningeunganisha vifaa moja kwa moja bila inveta, kwa sababu vingi vyake vinatumia volti 12 tayari. Kugeuza 12 kuwa 230 halafu kurudisha 12 ni kuitwanga betri bure. Ila kila kifaa kisomwe maandishi ya nyuma yake: adapta nyingine ni za volti 5, na betri inayochajiwa inapanda kupita volti 14, kwa hiyo katikati pakae kifaa cha kuituliza. Njiani usiwe na wasiwasi sana. Faiba nyingi za majumbani hazina kitu kinachohitaji umeme kati yako na mtambo, tofauti na unavyofikiri ukiona vile visanduku vyeusi juu ya nguzo.

Watu wananiuliza, kwani si simu ya mkononi ipo umeme ukikatika? Ipo, na itumie. Kwa jambo la dharura, 112 polisi na 114 zimamoto, piga kwa mkononi siku zote. Simu ya intaneti haina kwao, inaweza kuchomekwa Kirumba leo na Ukerewe kesho, na ile ya kampuni ya nje ukiipigia 114 sijui itakupeleka zimamoto ya nchi gani.

Hapo nimefika kwa kijana na London yake. Mwanangu ana nia njema, amehesabu ada ya mwezi tu. Lakini mteja wa Lubumbashi akipiga namba ya London analipa gharama ya kupiga Uingereza. Akiiona inamwita, hapokei, kwa sababu namba za kigeni zisizojulikana ndizo wanazotumia matapeli. Na sauti yenyewe inaweza kulazimika kwenda Ulaya na kurudi hata pale mapokezi anapoita ghala la Mwaloni, ambako ukipaza sauti kidogo wangekusikia. Chukua huduma kwa kampuni yenye leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na vifaa viwe vimeidhinishwa na TCRA. Siku kitu kikiharibika unajua mlango wa kugonga.

Kuhusu namba ya 028, mama, hapa ndipo pa kwenda polepole kuliko pote. Ile huduma ya kuhama mtandao na namba yako iliyoanza 2017 ni ya simu za mkononi, usiichanganye na hii. Njia nyepesi ni kuanzia kwa kampuni ileile iliyokupa namba: waulize kama watakuletea faiba na namba yako ikabaki ileile juu yake. Jibu walitoe kwa maandishi, lenye namba yako imeandikwa humo. “Usijali mama, haina shida” si jibu, hata likisemwa na mtu mwenye tai. Wakikubali, umemaliza. Wasipokubali, iache laini ya zamani ilipiwe kwa kiwango cha chini kabisa, na idaivati kila simu inayoingia kwenda namba mpya. Utalipia daivati hiyo, naam, lakini gharama yake ilinganishe na ya kuchapisha magunia upya na kumpoteza mteja mmoja wa Bukavu. Na kama shaba itapona kidogo, kuna kifaa cha kudaka simu ya waya wa zamani na kuiingiza kwenye mfumo mpya hapohapo ofisini. Ila kwa waya wako unaolala mvua ikinyesha, mimi singekitegemea.

Halafu kuna jambo ambalo lingekufaa hata usipohama, na sijui kwa nini wafanyabiashara wengi wa Mwaloni hawalifanyi. WhatsApp ya biashara inakubali namba ya mezani. Weka programu kwenye simu janja ya mapokezi, andika namba yako ya 028, na badala ya kusubiri ujumbe, chagua kuthibitishwa kwa kupigiwa. Simu ya mezani itaita, sauti itakusomea tarakimu 6, utaziandika. Fanya siku ya jua! Kuanzia hapo, mteja wa Lubumbashi mwenye namba iliyoandikwa kwenye gunia anakutumia ujumbe, picha ya mzigo, anakupigia kwa intaneti, yote kwenye namba aliyoizoea, na kwa bando lake tu. Ukimaliza, washa uthibitisho wa hatua mbili uweke pini yako, usije siku moja namba ikapewa mtu mwingine akajisajili nayo na kuanza kupokea oda zako. Ukishafanya hivyo utakuwa umeshahama nusu safari bila kununua hata waya.

Ulinzi, kazi ya tatu, nitausema kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga simu za intaneti kwenye ofisi moja mjini, ikawa Ijumaa jioni, nimechoka. Nikaziwekea simu paswedi sawa na namba zake za ndani, ya 101 paswedi 101, nikiwa na mpango wa kurudi Jumatatu kuzibadilisha. Duniani kuna programu zinazozunguka usiku kucha zikibisha hodi kwenye kila anwani ya intaneti kuuliza, “hapa kuna simu?” Zikiitikiwa zinajaribu paswedi rahisi. Walipata yangu. Jumamosi na Jumapili ofisi ikiwa imefungwa, simu ile ilipiga nchi za mbali ambazo mwenye ofisi hajawahi kuzisikia, kwenye namba za malipo makubwa ambazo wezi wenyewe hupata mgawo wake. Jumatatu nilikaribishwa kwa ankara, si kwa chai. Sehemu yake nililipa mimi.

Kwa hiyo kwako: paswedi ndefu za herufi na tarakimu zilizochanganyika, kila simu na yake. Huduma ya malipo ya kabla, ili hata wakiingia waishie kwenye salio. Na simu za nje ya nchi zifungwe zote isipokuwa nchi unazofanya nazo biashara. Wewe funguliwa Kongo na majirani, basi. Ruta isiruhusu mtu wa nje kufika kwenye simu zako moja kwa moja. Hili la mwisho kijana ataliweza.

Vifaa havina mengi. Simu yako ya mezani usiitupe. Adapta ndogo yenye tundu la waya wa simu itaifanya iite na kupiga kama kawaida, isipokuwa kama ni ile ya kuzungusha kwa kidole, ambayo adapta nyingi hazielewi lugha yake. Mapokezi na ofisini weka simu za intaneti za kawaida, zichomekwe kwa waya, si kwa waifai. Ghalani Mwaloni usihangaike kuvuta chochote: programu ya simu kwenye simu ya mkononi ya msimamizi, kwa bando lake, nayo itakuwa namba ya ndani kama zingine, na vumbi la dagaa halitakuwa na tundu la kuingia. Usiuziwe mtambo mkubwa wa swichibodi. Namba za ndani nne kampuni ya simu inakuwekea kwenye sava yake.

Faksi iache na kitambaa chake. Inaweza kulazimishwa ifanye kazi kwenye intaneti, lakini faksi inazungumza kwa milio, na kipande kimoja cha sauti kikipotea njiani ukurasa unakatika katikati. Karatasi ipige picha kwa simu, tuma.

Mwisho, mtihani niliokuahidi. Simu mpya zikishafungwa, acha zifanye kazi pamoja na ya zamani kwa miezi miwili, na moja ya miezi hiyo iwe ya mvua. Chagua Jumamosi yenye mechi kubwa, nyumba imejaa, saa tatu usiku. Bila kumwambia mtu, nenda zima swichi kubwa ya umeme. Kisha mpigie msimamizi wako wa Mwaloni kwa simu mpya, mhesabie moja hadi kumi polepole, naye akuhesabie. Wakati huohuo kijana arushe video. Halafu mwombe mteja mmoja wa Kongo apige ile 028 kama alivyozoea, bila kumweleza chochote, umsikilize kama atauliza “mbona sauti yako imebadilika?” Hesabu zikifika kumi pande zote bila namba kuruka, na mteja akauliza bei ya dagaa tu, muite fundi akate waya. Na kile kisanduku cha ukutani mwambie akifungue juu ya gazeti.